Nyama, maharagwe na sukari ya damu: Protini hufanya nini mwilini?

Kuna swali moja ambalo daktari anayehudumu katika Kaunti ya Kajiado hawezi kulikwepa. Awe yuko mjini Kitengela penye majumba ya kupanga na viwanda, au awe Entarara, kule upande wa Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro, ataulizwa tu: "Daktari, ni kweli kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kisukari akila nyama tupu na kuacha ugali ataachana na dawa?" Na kabla daktari hajajibu, mgonjwa wa pili aliyeketi kwenye benchi hudakia kwamba yeye aliambiwa kinyume kabisa. Kwamba nyama ndiyo adui, na mwenye kisukari hafai kuigusa.

Wote wawili wamekosea, lakini kila mmoja ameshika kipande kidogo cha ukweli. Nyama, mayai, samaki, maziwa, maharagwe na ndengu vyote vina kirutubisho kinachoitwa protini, na protini ina nafasi kubwa katika kuweka sukari ya damu sawasawa. Anayeelewa nafasi hiyo anaweza kupanga sahani yake vizuri bila kuongeza gharama. Asiyeielewa anaweza kuzirai barabarani akiwa ametoka kula, au akazidisha ugonjwa wa figo huku akidhani anajitibu. Ndiyo maana nimeona tulizungumzie jambo hili kwa utaratibu.

SUKARI INAVYOSAFIRI MWILINI

Tuanze na msingi. Chakula tunachokula kimegawanyika katika makundi makuu matatu yanayotupa nguvu: wanga, mafuta na protini. Wanga ni kama ugali, wali, chapati, mkate, viazi, ndizi na sukari yenyewe. Wanga ukifika utumboni huvunjwavunjwa na kuwa sukari ndogo iitwayo glukosi, ambayo huingia katika damu na kusambazwa mwili mzima.

Glukosi haiwezi kuingia kwa urahisi katika misuli bila msaada. Msaada huo ni homoni ya insulini, inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Tunaweza kusema insulini ni ufunguo unaofungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia ndani ya misuli. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kongosho halitengenezi ufunguo huo tena, au hutengeneza kidogo mno. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, funguo zipo lakini vitasa vimekuwa vigumu, na baada ya miaka kongosho nalo huchoka.

Sukari inayobaki katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa. Huharibu macho, figo, moyo na neva za miguu. Mtu anaweza kukanyaga mwiba asiusikie, kidonda kikaoza, na mwisho wake akakatwa mguu. Hili si tishio la kuwaogopesha wasomaji. Ni jambo linalotokea katika hospitali zetu.

Katika Kenya sukari ya damu hupimwa kwa milimoli kwa lita. Mtu asiyekula tangu usiku akipimwa asubuhi na kupatikana na 7.0 au zaidi, huhesabiwa kuwa na kisukari. Kama hana dalili zozote, kipimo hurudiwa siku nyingine kwanza ili kuhakikisha. Akipimwa wakati wowote na kupatikana na 11.1 au zaidi, huku akiwa na dalili kama kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda, hilo pia ni kisukari.

KAZI NNE ZA PROTINI

Sasa tuje kwenye protini. Protini ikiliwa huvunjwa na kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Mwili huzitumia kujenga misuli, damu, ngozi na kinga ya maradhi. Lakini njiani, protini hufanya mambo manne yanayohusu sukari ya damu.

Kwanza, hupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni kwenda utumbo mwembamba. Ukila ugali peke yake, wanga wake hufika utumboni haraka na sukari hupanda ghafla. Ukila ugali huohuo pamoja na samaki au maharagwe, chakula huteremka polepole, na sukari nayo huingia katika damu polepole.

Pili, protini huamsha homoni za utumbo, mojawapo ikiwa ile inayojulikana kwa kifupi kama GLP-1. Homoni hiyo hulishtua kongosho litoe insulini, na wakati huohuo huupasha ubongo habari kwamba mtu ameshiba. Baadhi ya dawa mpya za kisukari zilizopata umaarufu mkubwa duniani katika miaka ya karibuni zinaiga kazi ya homoni hiyohiyo.

Tatu, asidi za amino zenyewe zikifika katika damu hulichochea kongosho litoe insulini. Hata hivyo, huchochea pia homoni nyingine, glukagoni, ambayo huliambia ini litoe sukari iliyohifadhiwa. Homoni hizi mbili huvutana kama watu wawili wanaovuta kamba. Kwa mtu mzima wa afya, na hata kwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili, mvutano huo huishia sare, na sukari haipandi sana kwa sababu ya protini. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza mambo ni tofauti. Yeye hana insulini yake ya kuvuta upande wa pili, kwa hiyo mlo mkubwa wa nyama unaweza kumpandishia sukari saa 3 hadi 5 baadaye, wakati ambapo hatarajii.

Nne, protini hushibisha kwa muda mrefu kuliko wanga mtupu. Aliyekunywa chai na mandazi mawili asubuhi atakuwa na njaa saa nne, naye atatafuta mandazi mengine. Aliyekula yai na mkate kiasi au maharagwe atangoja chakula cha mchana bila taabu. Anayekula kidogo hupunguza uzito, na uzito ukipungua vile vitasa vilivyokuwa vigumu huanza kulainika.

Msomaji atauliza: protini yenyewe haiwezi kugeuzwa kuwa sukari? Inaweza. Ini lina uwezo wa kutengeneza glukosi kutokana na asidi za amino. Lakini kazi hiyo hufanyika polepole na kwa kipimo, si kwa kishindo kama inavyokuwa mtu anapokunywa chupa ya soda.

KIPI KITANGULIE MDOMONI?

Kuna jambo moja rahisi ambalo watu wengi hawalijui. Si kiasi cha chakula tu kinachohusika, bali hata utaratibu wa kukila. Mwaka wa 2015, watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, walichapisha matokeo ya jaribio dogo waliloliwafanyia watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili. Watu hao walipewa mlo uleule kwa siku mbili tofauti. Siku ya kwanza walianza na mkate na maji ya machungwa, na baada ya dakika 15 wakala kuku na mboga. Siku ya pili waligeuza: kuku na mboga kwanza, mkate na maji ya machungwa baadaye.

Tofauti ilikuwa kubwa. Walipoanza na kuku na mboga, sukari yao saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa takriban asilimia 37 kuliko walipoanza na mkate. Chakula hakikubadilika, watu hawakubadilika, dawa hazikubadilika. Kilichobadilika ni kilichotangulia.

Ni kweli kwamba watu 11 ni wachache, na jaribio la siku mbili haliwezi kutuambia kitakachotokea kwa miaka kumi. Lakini halina gharama wala madhara. Nyumbani kwako waweza kuanza na sukuma wiki na maharagwe, ule theluthi moja au nusu yake, kisha ndipo umege ugali. Na ule mtindo wa kuwapa wageni soda kwanza wakisubiri chakula ndio uliogeuka kabisa: sukari inatangulia, chakula kinafuata.

WAMASAI WA JANA NA KAJIADO YA LEO

Wengi wanaotetea nyama tupu hutoa mfano wa Wamasai wa zamani. Husema, "Wazee wetu walikula nyama, wakanywa maziwa na damu, na kisukari hawakukijua." Hoja hiyo yafaa kuchunguzwa kwa makini.

Mwaka wa 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao kuhusu lishe ya Wamasai na Wakikuyu hapa Kenya. Waliona kwamba Wamasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, walikuwa warefu na wazito zaidi kuliko Wakikuyu waliotegemea nafaka na mizizi. Orr ndiye yule aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1949. Baadaye, mwaka wa 1964, Daktari George Mann kutoka Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai huko Tanganyika. Licha ya kula mafuta mengi ya wanyama, kolesteroli yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache.

Lakini wanaonukuu uchunguzi huo husahau nusu ya pili. Mwaka wa 1972 Mann na wenzake walitoa matokeo ya kuchunguza maiti 50 za wanaume wa Kimasai. Mishipa ya moyo ilikuwa na mafuta yaliyoganda ndani yake, ila ilikuwa imepanuka, na damu ikapita bila kizuizi. Watafiti walidhani sababu ni mazoezi. Mmasai wa wakati ule alikuwa akitembea na ng'ombe kutwa nzima. Hakuwa anakula nyama choma Jumapili alasiri kisha anarudi nyumbani kwa gari.

Aidha, nyama haikuwa chakula cha kila siku. Ng'ombe alichinjwa kwa nadra, kwa sherehe, kwa ugonjwa au kwa mama aliyejifungua. Chakula cha kila siku kilikuwa maziwa, mara nyingi yaliyogandishwa katika kibuyu. Na supu ya nyama ilichemshwa pamoja na magome na mizizi ya miti kama olkiloriti.

Hali hiyo imebadilika. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa kwa watu binafsi mwaka wa 1988. Eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje lilianzishwa jirani, Athi River, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ardhi iliuzwa, nyua zikajengwa, na mji ukakua. Halafu ukame ulipiga mara kwa mara; ule wa kuanzia mwaka wa 2020 hadi mapema 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika Kenya. Familia iliyokuwa na ng'ombe 60 na sasa ina 6 haiwezi kunywa maziwa kama zamani. Maziwa machache yaliyopo huuzwa asubuhi, na pesa hununua unga wa mahindi, sukari na mafuta ya kupikia.

Kwa hiyo anayesema, "Mimi nakula kama wazee," mara nyingi anakula ugali na chai ya sukari siku sita, na nyama kilo moja siku ya saba. Hicho si chakula cha wazee.

Matokeo yanaonekana katika vipimo. Mwaka wa 2009, watafiti wa Denmark na Kenya walichapisha matokeo ya kuwapima zaidi ya watu 1,400 nchini Kenya, wakiwemo Waluo, Wakamba na Wamasai wa mashambani pamoja na wakazi wa mjini. Mashambani walipata kisukari kwa asilimia 2.2 ya watu. Mjini kilikuwa asilimia 12.2. Na uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 nchini walikuwa hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hawa hawafichi; hawajui kabisa.

SAHANI YENYE MIZANI

Je, mtu anahitaji protini kiasi gani? Kwa mtu mzima wa afya, kipimo cha chini ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji karibu gramu 48, na mwenye kilo 70 karibu gramu 56. Wazee huhitaji zaidi kidogo, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, kwa sababu misuli yao hupungua, na misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo.

Gramu hizo hupatikana wapi? Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15, na cha ndengu gramu 14. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, iliyopikwa, ya gramu 100, yaani kipande kinachotosha kiganja cha mkono bila vidole, ina gramu 26 hivi.

Utaona basi kwamba mtu hahitaji kilo nzima ya nyama. Yai moja asubuhi, kikombe cha maharagwe mchana, glasi ya maziwa alasiri na kipande cha nyama jioni vimefika gramu 55. Na asiyekuwa na uwezo wa kununua nyama anaweza kuweka kikombe kingine cha ndengu jioni pamoja na omena kidogo, na asipungukiwe na kitu.

Hapa nataka niseme na wasomaji wenye jamaa Entarara na sehemu nyingine za Loitokitok. Huko mahindi na maharagwe hulimwa katika shamba lilelile. Lakini mara nyingi maharagwe hutiwa katika magunia na kuuzwa, mahindi yakabaki nyumbani kuliwa peke yake. Ni hasara ya afya. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi ya amino iitwayo laisini, na maharagwe ndiyo yenye laisini kwa wingi. Ukiyachanganya, kama tunavyofanya kwa githeri, moja hufidia upungufu wa lingine. Ukiuza debe kadhaa, bakisha debe moja la watoto na wazee.

Maharagwe yana sifa nyingine. Ni kweli kwamba yana wanga, karibu gramu 40 kwa kikombe, lakini wanga huo umefungamana na nyuzinyuzi na husagwa polepole sana. Mwaka wa 1982, Daktari David Jenkins na wenzake mjini Toronto, Kanada, walionyesha kwamba watu waliokula kamande asubuhi sukari yao ilipanda kwa kiwango cha chini zaidi hata baada ya chakula cha mchana kilichofuata, wakilinganishwa na walipokula mkate asubuhi. Kamande za saa mbili zilikuwa zingali zikifanya kazi saa saba.

Kwa ufupi, gawa sahani yako hivi. Nusu iwe mboga za majani na kachumbari. Robo iwe protini. Robo iliyobaki iwe ugali, wali au chapati, na ugali ukiwa wa unga usiokobolewa ni bora zaidi. Katika nyumba nyingi mgawanyo ni kinyume: ugali umejaa robo tatu, mboga ni kijiko cha pembeni, na mchuzi una vipande viwili vya nyama. Unga wa gramu 200 ukisongwa ugali huwa na wanga karibu gramu 150. Hakuna kipande cha nyama kinachoweza kuusawazisha mlima huo.

CHAI, MAZIWA NA SUKARI ILIYOJIFICHA

Wapo wanaosema, "Daktari, mimi sili vitu vitamu kabisa." Ukiwauliza kuhusu chai, watakuambia wanakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za chakula za siku, yaani karibu gramu 50 kwa mtu wa kawaida, na ikiwezekana ipungue hadi gramu 25. Mwenzetu huyu amemaliza kipimo chake kwa chai peke yake, na bado anadai hajala kitu kitamu.

Maziwa yenyewe ni chakula kizuri chenye protini, lakini yana sukari yake ya asili, gramu 12 hivi kwa glasi. Si lazima mwenye kisukari ayaache. Ayahesabu tu. Maziwa ya mala yasiyoongezwa sukari yanafaa, kwani sehemu ya sukari yake imeshakuwa asidi. Yale ya dukani yaliyotiwa ladha na sukari ni jambo jingine. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua.

TAHADHARI TANO MUHIMU

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo naomba msomaji asiiruke.

Kwanza, usiache dawa kwa sababu umebadilisha chakula. Zaidi ya hapo, usibadilishe chakula ghafla bila kumwambia daktari kama unameza glibenklamaidi au unajidunga insulini. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala wanga. Mazungumzo kama haya si mageni katika chumba cha dharura:

"Mzee, dawa ya asubuhi umemeza?"

"Nimemeza, daktari."

"Na umekula nini?"

"Nyama tu na supu. Niliambiwa na jirani niache ugali."

Mzee huyo amefika akitetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki, na wanaomleta wanadhani amelewa. Sukari yake imeshuka chini ya 3.9 na inaendelea kushuka. Hakufanya ujinga, alitii ushauri nusu. Angemweleza daktari, dawa ingepunguzwa kwanza, kisha ugali ungefuata.

Pili, sukari ikishuka hivyo, usimpe mgonjwa nyama, njugu wala yai. Protini hupandisha insulini bila kuleta sukari ya haraka, na tumbo huchelewa kufungua. Mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Mpime tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudia. Kama amezirai usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali.

Tatu, mwenye figo zilizoathirika asijiongezee protini. Figo ndizo zinazotoa taka za protini. Mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zimeanza kudhoofika, na ambaye bado hasafishwi damu kwa mashine, hushauriwa abaki kwenye gramu 0.8 kwa kilo. Anayesafishwa damu huhitaji zaidi, kwa sababu mashine humpotezea protini. Hawa wawili wasibadilishane mapishi. Kila mwenye kisukari apimwe mkojo na damu kuangalia figo angalau mara moja kwa mwaka.

Nne, si kila protini ni sawa kwa mwendo mrefu. Mwaka wa 2024 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walikusanya takwimu za watu karibu milioni 2 kutoka nchi 20. Waliokula gramu 50 za nyama za kusindikwa kila siku, kama soseji na nyama za makopo, walikuwa katika hatari iliyozidi kwa asilimia 15 ya kupata kisukari cha aina ya pili katika miaka 10 iliyofuata. Kwa gramu 100 za nyama nyekundu ya kawaida, hatari ilizidi kwa asilimia 10. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba nyama ndiyo iliyosababisha ugonjwa, lakini unatosha kutufanya tubadilishe: leo nyama, kesho maharagwe, keshokutwa samaki au kuku.

Tano, nyama choma haiji peke yake. Huja na mafuta yake, chumvi, ugali mkubwa na chupa kadhaa mezani. Ukipima sukari asubuhi ikakuta iko juu, usiilaumu nyama kabla ya kuwahesabu wenzake.

TUNAWEZA KUFANYA NINI SASA

Nirudi kwa wale wagonjwa wawili wa kwenye benchi. Yule anayetaka kuacha ugali kabisa na kula nyama tupu namwambia hivi: punguza ugali hadi robo ya sahani, weka maharagwe au kipande cha nyama kando yake, anza na mboga, na uendelee na dawa mpaka vipimo vionyeshe kwamba yafaa kuipunguza. Wapo waliopunguziwa dawa, na hata walioachishwa na daktari, baada ya kupunguza uzito. Lakini walifika hapo kwa vipimo, hawakufika kwa kubahatisha. Yule aliyekatazwa nyama namwambia kwamba hakuna haja ya kuiogopa. Kipande cha kiganja, kisicho na mafuta mengi, mara chache kwa wiki, hakina ubaya kwake, ikiwa figo zake ni nzima.

Na kwa msomaji ambaye hajawahi kupimwa, hasa ukiwa na umri unaozidi miaka 40, tumbo lililotangulia mbele, shinikizo la damu au mzazi mwenye kisukari, kipimo chenyewe ni tone moja la damu kidoleni. Nenda asubuhi kabla ya chai, kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu nawe. Chukua karatasi, andika ulichokula kwa siku tatu zilizopita bila kuficha kikombe hata kimoja cha chai, na uende nayo. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.